Damu Mvivu

Wodi ya kifua kikuu ilikuwa imeingiwa na wazimu wa mbio za damu. Bwana Gasto wa maabara alihamishia mirija yake ya kioo dirishani apate mwanga, na wagonjwa wakajionea: damu ikisimamishwa kwenye mrija mwembamba hujitenga, wekundu ukazama, maji ya manjano yakabaki juu. Nani aliwaambia kwamba ya kwanza kuzama ndiyo yenye afya? Hakuna. Waliamua tu, na wakishaamua hawaambiliki.

Damiani, mfugaji wa Mkiwa, ndiye aliyekuwa bingwa. Kabla ya kutolewa damu alirukaruka kama ndama, "ili ichangamke." Yunisi, mgonjwa mwenzake, akaruka naye. Makohozi yake yalishakuwa safi; daktari alisema damu nayo ikimridhisha Ijumaa, anarudi kwao Kinampanda. Alimwacha bintiye Marietha akiwa kichanga, na tangu hapo alimwona kwa mbali tu, mgongoni mwa bibi yake, ng'ambo ya ua.

Ijumaa damu ya Damiani ikaporomoka. Ya Yunisi ikakaa palepale, imetulia kama mgeni anayesubiri chai.

"Shuka, mvivu we!" Yunisi aliifokea. Wenzake wakapiga makofi, wakaiimbia. Wapi! Yunisi akaketi chini.

Gasto akafungua dirisha. "Kuna nini?"

"Damu yangu imegoma, Bwana Gasto."

"Mshukuru Mungu! Inayokimbia kushuka ndiyo yenye ugonjwa bado. Wewe mama, unakwenda kwenu."

Damiani akaduwaa. "Kumbe siku zote nashangilia ugonjwa!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Redio inahimiza kazi asubuhi na jioni, huku mvivu ndiye anayepewa ruhusa!" Wodi nzima ikaangua kicheko, na Yunisi akacheza, akazunguka, akamkumbatia hata mfagizi.

Daktari alipotia sahihi, Yunisi alitoka mbio mpaka nje ya ua, bibi alikosubiri na Marietha mgongoni.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamshusha mtoto. "Mpokee mwenzio."

Marietha akamtazama huyu mama asiyemjua, akaangua kilio, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Yunisi akacheka huku machozi yakimtiririka, akamkumbatia zaidi. Hakuna muuguzi aliyemwita arudi nyuma.

"Lia, mwanangu," alimwambia. "Lilia hapahapa."