Asilimia Arobaini ya Wioletta

Wioletta, Mpolandi, alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja ya kuwaogesha wazee kwenye makao yao mjini Hafnarfjörður, Aislandi. Kiaislandi chake kilikuwa cha bafuni na jikoni: kifupi, lakini kinafika. Basi Hlynur, kijana Mwaislandi, alipoingia sebuleni na programu ya simu aliyoibuni ya kuwazoeza wahamiaji kuzungumza Kiaislandi, akaanza kuisifia kwa Kiingereza, Wioletta alimtazama kama sakafu iliyopigwa deki vibaya.

"Taja tu unachokiona kwenye skrini," Hlynur akamwambia, kwa Kiingereza vilevile.

"Farasi amevaa sweta," akasema Wioletta kwa Kiaislandi.

Simu ikalia kinyonge, ikatoa alama za matamshi. Asilimia arobaini. Usikate tamaa!

"Hapa hatuogeshi farasi," akasema kwa Kiaislandi. "Mimi nataka kumwambia msimamizi kuwa zamu zangu kazivuruga. Hilo limo?"

"Toleo lijalo," Hlynur akajibu. Kiingereza tena.

Bi Sigurlaug, mwalimu mstaafu wa Kiaislandi, miaka tisini na miwili, akaweka kando ufumaji wake. "Hebu lete hicho kidude."

Akamtamka yule farasi kama aliye mbele ya darasa. Asilimia thelathini na tano. Usikate tamaa!

Wazee wakaangua kicheko. Hlynur akaiva kwa aibu hadi masikioni. "Labda ni meno ya bandia, bibi..."

"Meno yangu yaache! Wengi kama wewe nimewafelisha."

"Zima simu," Wioletta akamwambia. "Ongea nami wewe. Dakika kumi, Kiaislandi tu."

Hlynur akamuuliza kwao wapi. Wioletta akaanza, akakwama kwenye neno, akarudi nyuma kulitafuta. Kabla hajalipata, Hlynur akamrukia kwa Kiingereza: asijali, ameshamwelewa.

"Hata dakika mbili hazijatimia," akasema Sigurlaug.

"Dukani hivyo, benki hivyo, kwa daktari hivyo," Wioletta akasema. "Mnanifunga mdomo kwa upole, halafu mnaniletea simu niongee nayo!"

Hlynur akafungasha vitu vyake, akaaga kwa Kiingereza.

Mwezi uliofuata programu ikapewa tuzo. Wioletta alimsomea Sigurlaug habari hiyo gazetini, polepole, mpaka pale Hlynur aliposema wahamiaji wa Hafnarfjörður waliipenda mno. Akasita.

"Nimesoma vibaya?"

"Umesoma sawasawa, mwanangu," akasema Sigurlaug. "Mwongo ni yeye. Endelea."

Akaendelea.