Zulia Lililofungiwa Sandukuni

Bi Umulkheir alikuwa na hakika kwamba amemzidi mdogo wake akili. Mama yao alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: nyumba ya mawe pale Mkomani, na zulia la sufu la Kiajemi ambalo babu yao alilileta kutoka Basra. Ridhwani, mtu wa watu, akamwambia dada yake achague kwanza, naye akachagua zulia. Nyumba ilivuja na kuta zake zilimomonyoka, na wageni walioshuka na ndege Manda mwaka ule wa sitini na saba walinunua vitu vya kale kama waliorogwa. Kwa hesabu zake, zulia lile lingemjengea nyumba mpya na chenji ibaki.

Hata hivyo hakuwa mjinga, au ndivyo alivyojiona. Kabla ya kupatana alimwita Bwana Hamdun, aliyefanya biashara ya mazulia Mombasa mpaka akazeeka, alikague. Ufunguo wa sanduku lililohifadhi zulia ulikuwa kiunoni mwa Bi Umulkheir tangu mama alipoanza kuugua. Akamtolea ncha moja tu ya zulia lililokunjwa, mgongo nje, asije Ridhwani akapita, akaliona, akaghairi.

Hamdun akavaa miwani. Mafundo yalikuwa madogo mno, yamebanana. Akasugua kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikabaki cheupe, rangi haikutoka. Akachoma uzi mmoja, ukanuka kama nywele zilizoungua, ndiyo sufu halisi.

"Hii ni kazi ya mkono, Bi Umulkheir, na mkono wenyewe si wa mchezo. Haya, lifunue niuone uso."

"Uso utauona na wenzako."

Alasiri ile Fatiha ikasomwa mbele ya jamaa, mapatano yakafungwa. Nyumba ya Ridhwani, zulia la Umulkheir, kila mtu ameridhika. Ndipo Bi Umulkheir, kwa mbwembwe zote, akaamuru zulia litandazwe ukumbini watu wafe kwa kijicho.

Likatandazwa. Nondo wakaruka, vumbi la sufu likawakwama watu kooni. Uso wote wa zulia ulikuwa kipara. Maua mekundu waliyoyajua tangu utotoni yalikuwa yameliwa mpaka kwenye mafundo.

Bi Umulkheir akakaa sakafuni mdomo wazi.

"Sufu yataka kuanikwa yuani na kukung'utwa," alisema Hamdun. "Lilianikwa lini mara ya mwisho?"

Mkono wa Bi Umulkheir ukaenda kiunoni, kwenye ufunguo. Miaka yote ile ya ugonjwa mama alimsihi afungue sanduku alianike, naye akakataa kwa kuogopa macho ya majirani.

Ridhwani alikuwa ameduwaa kama wengine. Alipozinduka akapiga magoti mbele ya dada yake, akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, dada. Kwani mimi nitakufukuza? Karibu. Kaa upendavyo."

Bi Umulkheir alizaliwa ndani ya nyumba ile, akaolewa humo, akafiwa humo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia karibu.