Mama Yake Anisia

Kwa mwaka wa tatu mfululizo, familia ya Bodea ilifunga mizigo mwezi wa nane, ikavuka mto Prut mpakani na kwenda kujitolea katika makao ya watoto ya Bi Galina, nje kidogo ya mji wa Soroca. Teofil, baba, alikuwa daktari wa meno katika mji wao wa Oradea. Kila walipofika aliweka kiti chake karibu na dirisha la darasani, akawaziba watoto meno kutwa nzima. Damaris, binti yao wa miaka kumi na sita, alifundisha nyimbo za kanisani. Estera, mama, hakuwa na kazi maalumu. Alimenya viazi, alipaka kuta rangi, alishona vifungo vilivyong'oka, na muda wote huo kulikuwa na mtoto mmoja ameng'ang'ania sketi yake.

Mtoto huyo aliitwa Anisia, na alikuwa na miaka sita. Mwaka wa kwanza hakusema neno. Mwaka wa pili alimwita Estera shangazi. Mwaka huu, gari liliposimama tu, alikuja mbio akiita "mama", na Estera akapiga magoti kwenye vumbi akalia mbele ya kila mtu.

Kanisa zima la Oradea lilijua habari za Anisia. Picha yake ilibandikwa karibu na mlango, na kina mama walimwombea kila Jumatano. Baada ya kumzaa Damaris, Estera aliambiwa na madaktari asitarajie mtoto mwingine. Kwa hiyo Bi Galina alipomwandikia kwamba Anisia hana mtu, kwamba mama yake alitokomea na hakuna ndugu anayemjulia hali, Estera aliipokea barua ile kama jibu la maombi yake. Karatasi za kumwasili, awe mtoto wao kisheria, zilikuwa zimeshapita karibu ofisi zote. Imebaki sahihi moja, Bi Galina alisema, na hiyo aachiwe yeye.

Siku ya nne, Alhamisi, Estera alikuwa nyuma ya jiko akianika mashuka aliposikia mzee Grigore, mlinzi, akisemezana na mtu getini. Mzee yule alikuwa na masikio mazito, hivyo hata siri aliisema kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Nimekwambia wageni wapo. Njoo baada ya wiki mbili, wakishaondoka."

Estera alichungulia. Akamwona mwanamke mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cha maua. Hakubishana. Alipitisha mfuko wa matufaha juu ya geti, akashika njia ya kituo cha basi. Estera alipouliza ni nani, mzee Grigore alishangaa kuulizwa.

"Feodora huyo. Mama yake Anisia. Huja kila Alhamisi tangu atoke hospitali."

Estera alitoka vilevile na vibanio vya nguo mkononi, akamfuata. Alimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la kituo. Feodora alisogea pembeni kabisa, akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akaomba radhi: alishapona, ila mazoea hayamtoki. Alilazwa miezi kumi na minne kwa kifua kikuu. Mumewe alikwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, akapotelea hukohuko. Feodora ndiye aliyemleta Anisia kwa mkono wake mwenyewe, akaandikiwa karatasi kwamba ni kwa muda tu. Tangu Pasaka alikuwa na kazi kwenye kinu cha unga na chumba cha kupanga. Lakini kila akija aliambiwa asimvuruge mtoto, kuna watu wema wa Oradea wanaomtaka. Basi alikuwa akimtazama kupitia uzio, kisha anarudi zake.

"Ni wewe, sivyo?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Nilionyeshwa picha ya nyumba yenu. Nzuri." Aliitazama barabara. "Huyo mtoto haachi kuogopa mbwa, usimlazimishe. Na maziwa ya moto hayawezi, humtapisha."

Estera aliketi upande wa pili wa benchi.

"Jumatatu naitwa kwa afisa wa ustawi wa jamii nisaini kumtoa," Feodora aliendelea. "Nimesema nitasaini."

"Na wewe mwenyewe unataka?"

"Hilo hakuna aliyeniuliza, dada."

Basi likaja, akapanda.

Jioni Estera alimwoshea Anisia tufaha, akamkatia vipande. Mtoto akauliza limetoka wapi. Estera akamjibu kwamba amemnunulia sokoni. Uongo ule ulimtoka laini, bila hata kusita, na hilo ndilo lililomtisha baadaye alipokumbuka.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, naye kimya. Alipaka rangi ukuta uliokwisha pakwa. Alimwambia Mungu kwamba yule mwanamke ni mgonjwa, kwamba chumba kimoja hakilei mtoto, kwamba mwenyewe amekubali kusaini. Mungu hakumjibu, naye akajaribu kuuhesabu ukimya ule kuwa ruhusa.

Jumapili, baada ya ibada, Damaris alimvuta kando nyuma ya stoo. Mpishi alikuwa amemsimulia yote, akidhani wanajua.

"Mama, ulijua?"

"Nimejua."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Damaris aligeuka.  Alikwenda kuchukua godoro lake chumbani kwa wazazi, akalihamishia kwenye bweni la wasichana.

Hapo ndipo Estera alipomweleza mumewe. Teofil aliketi kwenye kiti chake cha wagonjwa, akawa anaikunja na kuikunjua taulo ndogo. Kwanza alisema labda ndiyo njia ya Mungu, mama wa watu amekubali. Kisha akaacha kusema hivyo. Mwishowe akasema yeye hawezi kumpigia mtoto yule picha nyingine ya kubandika kanisani, na wakaenda pamoja kwa Bi Galina.

Bi Galina hakukana. Aliwakaribisha chai, akafunga mlango.

"Nimewarudisha watoto kumi na tisa kwa mama zao," alisema. "Kumi na mmoja nimeletewa tena, wamekonda kuliko walivyotoka. Ninyi mnakaa wiki mbili mnaondoka. Mimi nabaki nao. Nikiona mlango umefunguka kwa mtoto mmoja, nitausukuma hata kwa bega."

"Uliniandikia kwamba hana mtu," Estera alisema.

"Ndiyo. Na miaka mitatu hukuniuliza hata mara moja mama yake aliitwa nani."

Estera alirudia maneno yale moyoni usiku kucha, akiyatafutia kosa, asilipate.

Jumatatu alimwogesha Anisia, akamsuka nywele, akampeleka yeye mwenyewe ofisini. Feodora alikuwa ameshafika, amevaa viatu vya kuazima vilivyompwaya. Estera alimwambia afisa kwamba familia ya Bodea inaondoa maombi yake, na kwamba mama mzazi yupo, mzima, na cheti cha hospitali anacho. Kisha akainama kumwambia Anisia kwamba yule pale ndiye mama.

Mtoto alijificha nyuma yake. Feodora alichuchumaa mbali, mdomo ameuziba, akaita jina moja la utotoni alilokuwa akimwitia nyumbani. Anisia akazidi kujikunyata. Ilibidi Estera avibandue vidole vile kwenye sketi yake, kimoja kimoja, atoke nje na kuuvuta mlango. Kilio alikisikia mpaka kwenye ngazi.

Feodora hakusaini. Mwezi wa kumi alimchukua mwanawe. Mwaka ule Bi Galina hakuandika barua ya shukrani, na familia haikuitarajia.

Mchungaji wa Oradea alimwomba Estera atoe ushuhuda. Alisimama akasimulia yote, na ule uongo wa tufaha la sokoni pia. Hakuna aliyeitikia amina. Akitoka, mama mmoja mtu mzima alimshika mkono akamwambia, kwa upendo kabisa, kwamba angemchukua tu yule mtoto, Mungu anaelewa. Siku chache baadaye picha iliondolewa mlangoni. Damaris alirudi kuzungumza na mama yake kidogo kidogo, ya shule na ya chakula kwanza.

Wiki moja kabla ya Krismasi simu ililia. Alikuwa Feodora, akipiga kutoka kwa jirani yake.

"Sitaki kumsumbua mtu," alisema, "ila huyu mtoto anakutafuta. Likipita gari anakwenda dirishani. Nimwambieje?"

Estera alikaa chini, pale pale mlangoni, juu ya viatu vya watu.

"Mwambie sikuja kwa sababu wewe ndiye mama yake."

"Nimeshamwambia. Hataki kusikia."

 Kwa mbali, upande wa pili wa simu, sauti ya mtoto ilikuwa ikiuliza ni nani huyo.

"Unataka kuongea naye?" Feodora aliuliza. 

Estera alitaka kuliko kitu chochote duniani.

"Hapana," alisema. "Mwambie ni rafiki yako."