Bledi ya Kupasulia Msaji

Baba alifariki akiacha mbao za msaji zimeegemea ukuta wa karakana. Alikuwa amemwahidi mama kitanda, na mbao zile zikabaki pale zikishika vumbi, miaka nenda miaka rudi. Mwaka huu mimi na dada tukaamua kuimaliza kazi ya mzee.

Nilikuwa nimenunua msumeno wa umeme, ule unaoteleza juu ya reli ili mstari usipinde. Nikaupitisha kwenye ubao wa kwanza. Haukufika mbali, mota ikaanza kulia, moshi ukafuka, na ukingo wa ubao ukawa mweusi kama mkate uliosahauliwa jikoni. Dada, ambaye useremala umemkolea kuliko mimi, aliitazama bledi akatikisa kichwa. Ilikuwa na meno mengi madogo, ya kukatia ubao kwa mapana. Sisi tulikuwa tunapasua kwa urefu.

Tulipokwenda kutafuta bledi nyingine, mama aling'ang'ania kuja. Muuza vifaa akatuwekea mbili juu ya kaunta: moja ya meno machache sana, nyingine ya meno ya wastani. Mimi niliipenda ya kwanza kwa kuwa ingekwenda haraka. Dada alisema ingeacha makovu, halafu tushinde na randa wiki nzima. Tukabishana, kama kawaida yetu. Mama alikuwa akiipapasa ile ya pili kwa kidole gumba, pengo baada ya pengo.

"Hii itafaa," alisema. "Unga wa mbao una pa kutokea. Baba yenu alikuwa akipapanua hapa kwa tupa."

Tukamuuliza amejuaje. Ndipo akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Kabla hawajaoana, alipeleka karakana kigoda kilichovunjika mguu. Siku hiyo mwenzake baba alikuwa anaumwa, na gogo lilikuwa limepasuliwa nusu tu. Baba akamwomba ashike upande wa pili wa msumeno.

"Akaniambia, 'Usisukume. Wewe vuta tu, halafu niachie na mimi nivute.' Tulipasua mpaka jua likazama. Kigoda chenyewe nilikisahau."

Mimi nikaichukua bledi aliyoichagua mama, nikailipia.

Nyumbani tuliifunga, tukausukuma msumeno taratibu. Msaji ukafunguka bila moshi, na karakana ikajaa ile harufu iliyokuwa ikiingia ndani na shati la baba kila jioni. Mama, kwenye kiti chake mlangoni, akafumba macho.

Tulikuwa tumepanga kitanda chembamba, maana analala peke yake. Akakataa katakata. Alitaka cha watu wawili, kama alivyoahidiwa.

Sasa analala upande wa ukutani, na wajukuu wanagombania ule mwingine.