Kuta Zilizomfuata Mukunde

Jumamosi ya mwisho ya mwaka, watu walipokwisha kurudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na kuweka majembe yao, Mukunde alikuwa akipanga viti vya kukodi sebuleni kwake Kimihurura, na kama kawaida ukuta wa Kanombe ulikuwa njiani. Ulisimama katikati ya chumba, kati ya kochi na meza ya chakula, rangi ya maziwa juu, kahawia chini. Alivipitisha viti pembeni yake kwa uangalifu. Hata hivyo mgongo wa kiti kimoja uliugonga, si kwa nguvu, naye akasikia maumivu nyuma ya sikio, akasimama mpaka yakapita, akaendelea kupanga.

Siku hiyo walikuwa wanataha nyumba. Mtu akihamia nyumba mpya Kigali haishi tu kimyakimya kama panya. Anawaita ndugu waje waione, wale, wanywe, walete zawadi na maneno mazuri. Mugenzi, mume wa Mukunde, afisa wa bima aliyekulia Uganda na anayependa hotuba kuliko chakula, alikuwa ameichanganya shughuli hiyo na kufunga mwaka. Aliwaambia watu waje wasikie habari za mwaka aliouita wa safari na makazi.

Safari zilikuwepo, hatukatai. Na kuhama kulikuwepo pia.

Mwaka ulipoanza walikuwa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege. Kule Mugenzi alipiga kwa subira. Alimkamata mkewe nywele, akangoja, na ndege iliposhuka juu ya mabati na vyombo vikaanza kutetemeka, ndipo alipokigongesha kichwa chake ukutani, akakigongesha tena, akaacha ndege ilipokwisha kutua. Hakutaka kusumbua majirani. Lakini ndege nazo huchelewa, na jioni moja ilichelewa sana, subira ikamwishia, na jirani yao Spès, mama wa Kirundi aliyeuza mkaa upande wa pili wa ua, akasikia kila kitu. Kesho yake akamwuliza Mugenzi mbele ya wateja, "Weye, unamwua huyo mwanamke ama unafanya nini?" Wiki hiyo hiyo Mugenzi akatafuta nyumba Kicukiro.

Mukunde hakwenda Kicukiro moja kwa moja. Alikwenda kwao. Kwa Wanyarwanda jambo hili lina jina lake na utaratibu wake, huitwa kwahukana: mke aliyepigwa anamchukua mtoto, anarudi kwao, anakaa huko mpaka mume amfuate na pombe. Wazee wanakaa, mume anasema nimekosa, pombe inanywewa, mke anarudi. Pombe isiponywewa, harudi. Utaratibu mzuri kabisa, ila una kasoro moja, kwamba wanaokunywa ni wengine na anayepigwa ni mwingine.

Kwao Mukunde ni Karagwe, ng'ambo ya Rusumo, kwa kaka yake Gatera, maana wazazi walishafariki. Gatera ni mtu mpole, ana duka la mbegu na mbolea, hajawahi kumgombeza hata mbwa. Alimpokea dada yake na mtoto wake Pretty, akamkanda uso kwa maji ya moto huku akilia. Mugenzi alipofika na kreti za bia, Gatera akazinywa. Wakati wa kurudi walisimama Rusumo wakapiga picha kwenye maporomoko ya maji. Mukunde alivaa miwani myeusi na kitambaa cha kichwa, na kila aliyeiona ile picha alisema amependeza.

Walipofungua mlango wa Kicukiro waliukuta ukuta wa Kanombe umeshafika. Ulikuwa umesimama sebuleni, na mahali kichwa cha Mukunde kilipobonyeza palikuwa vile vile, na nywele zake chache zimenata kwenye rangi. Mugenzi aliwagombeza wapagazi kwa kubeba visivyo vyake; wapagazi wakaapa kwamba wao wamebeba kabati, vitanda na jiko tu. Mwenye nyumba wa Kanombe alipiga simu kulalamika kwamba mbuzi wanaingia hadi sebuleni kwake. Basi Mugenzi akachukua nyundo ya kuvunjia mawe. Alipoupiga ukuta mara ya kwanza, Mukunde, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, alianguka chini na jino likamtoka. Mugenzi alikuja mlangoni akaitazama damu, kisha akaitazama nyundo. Akairudisha stoo. Tangu siku hiyo, akitaka kumtia adabu mkewe na kuna mgeni, alizungumza huku akiugonga ukuta kwa ngumi, kama watu wanavyogonga meza wakisisitiza jambo.

Kicukiro hakukuwa na ndege, kwa hiyo aliongeza sauti ya redio. Katikati ya mwaka alimvunja mkono kwenye ukuta wa korido, kwa sababu ya chumvi. Safari hii Mukunde alikwenda Mbarara kwa shangazi yake Aidah, kubadilisha wanywaji. Shangazi alimfunga mkono vizuri, akasema wanaume wa siku hizi hawana haya, akapokea bia. Walipokuwa wanarudi walilala Kabale, kwenye nyumba ya wageni, na huko Mugenzi akamkaba shingo na kumkandamiza ukutani mpaka miguu yake ikaachana na sakafu, kwa kuwa eti alimchosha njiani. Asubuhi walipiga picha, vilima nyuma yao. Pretty ndiye aliyeshika simu.

Nyumba waliyohamia baada ya hapo ndiyo hii ya Kimihurura, mtaa wa ofisi na balozi, ambako kila mtu amejizungushia ua mrefu na hakuna anayeuliza. Ukuta wa korido ya Kicukiro, wa kijani, uliwatangulia. Ule wa Kabale ulichelewa, ulizuiliwa mpakani Gatuna kwa kukosa hati, ukaja baadaye ukiwa bado umebandikwa masharti ya wageni: kulipa kabla ya kulala, kutopika chumbani, kutopiga kelele. Familia ilizoea. Pretty alijua kuzipita bila kuzigusa hata gizani.

Siku hiyo Mukunde alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alitaka Gatera azione kuta kwa macho yake. Alikuwa amempigia simu. "Kaka, usinisikilize mimi, maneno yangu umeshayasikia. Njoo uzione. Ukishaziona, bia ya huyu mtu haitakushuka kooni." Kwenye ofisi aliyoiendea mara moja kushtaki walimwuliza kama wazee wameshakaa, na wazee wake walikuwa ni huyo Gatera. Akiikataa bia mbele ya ukoo mzima, Mukunde na Pretty wangeondoka naye siku hiyo hiyo na hakuna ambaye angethubutu kuwafuata. Akiinywa, hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Gatera alifika mapema, kabla ya wageni, Mugenzi akiwa amekwenda kuchukua barafu. Mukunde alimshika mkono akamzungusha.

"Huu ni wa Kanombe. Hapa ni kichwa changu. Huu wa kijani ni mkono. Na huu hapa, wenye karatasi, ni shingo."

Gatera alikiweka kiganja chake pale palipobonyea kwenye ukuta wa Kanombe, taratibu, na Mukunde akakisikia kiganja hicho kisogoni mwake, cha moto na kizito. Hakuwa ameguswa hivyo tangu Karagwe. Alilia mpaka makamasi yakamtoka.

"Huyu bwana ni mnyama," Gatera alisema. "Leo unaondoka na mimi, dada. Begi lako liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Gatera mwenyewe ndiye aliyelipakia kwenye buti ya gari lake. Pretty akavaa viatu vya shule, ndivyo vilivyokuwa vizima, akaenda kukaa kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

Wageni wakaja. Walitundika makoti kwenye ukuta wa kijani, wakasema nyumba ina hewa nzuri. Wengine waliviegemeza viti vyao kwenye ukuta wa Kanombe, na kila kilipogusa Mukunde alifumba macho huko jikoni, mwiko mkononi. Kabagwira, mama yake Mugenzi, aliliona hilo akawakanya.

"Msiegemee pale, bana banjye, wanangu, mtamchosha mukazana wangu, mke wa mwanangu, kabla hajapakua chakula."

Wakaomba radhi, wakasogeza viti mbele.

Walipokwisha kula Mugenzi alisimama. Alionyesha picha kwenye televisheni: Rusumo, Mbarara, vilima vya Kabale. Alisema mtu asiyetembea hajui kitu. Alisema nyumba tatu kwa mwaka mmoja si mchezo, ni neema. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akainamisha kichwa, na sauti yake ikashuka.

"Ndugu zangu, mimi iko mtu wa hasira ya haraka, mnanijua tangu Uganda. Mwingine angefunika hizi kuta na mapazia. Mimi nimeziacha hapa sebuleni, mbele yenu. Iko zote. Sijaficha hata moja."

Makofi yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Bamdogo mmoja alijifuta machozi, akasema ukweli wa namna hii umekuwa adimu. Mugenzi akatoka mahali pake akaenda mpaka alipokaa Gatera, akapiga magoti kwenye zulia, akamnyooshea bia iliyofunguliwa kwa mikono miwili.

Mukunde alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Shemeji," Gatera alisema, "nimeziona kuta."

"Ndiyo, shemeji."

"Zimeniumiza sana."

"Hata mimi, shemeji. Zinaniumiza kila siku."

Watu waliguna kwa huruma. Gatera aliitazama chupa, akamtazama dada yake, akawatazama wale wazee waliokuwa wamemgeukia wote, na Mugenzi aliyekuwa bado amepiga magoti, suruali yake nzuri ikikunjamana. Hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake chini mbele za watu. Akapokea, akanywa.

Mukunde alimchukia. Kwa kitambo alimchukia kuliko alivyomchukia Mugenzi, kwa sababu Mugenzi hakuwahi kumkanda uso kwa maji ya moto. Kreti za bia za kupeleka Karagwe zikatolewa, na kwa kuwa buti ya gari ilikuwa ndogo, begi lilitolewa kwanza, likarudishwa ndani. Pretty akafungua mkanda, akaja akapokea soda.

Ilibaki zawadi. Kabagwira alikuwa ameleta imigongo, ubao mzito wenye mistari ya kupindapinda, myeusi na myekundu, iliyoinuliwa kwa samadi kwa ufundi wa hali ya juu. Katika ukoo wao zawadi ya kutaha nyumba hutundikwa siku hiyo hiyo, na anayetundika ni wa upande wa mke, ili watu waone kwamba ameridhika. Lakini mwenye nyumba hii alikuwa amekataza misumari.

"Mali ya watu tutaiharibu kwa nini?" Kabagwira alisema. "Si tuna kuta zetu."

Kila mtu aliona ni neno la busara. Wakashauriana. Ukuta wa kijani haukuelewana na rangi nyekundu. Wa Kabale ulikuwa na karatasi, na ukiibandua unabaki na gundi. Wa Kanombe ulikuwa mpana, na mwanga wa dirisha uliufikia vizuri. Mugenzi akaleta nyundo, na msumari mrefu wa bati, kwa ajili ya uzito. Gatera akaonyeshwa mahali: katikati, pale pale palipobonyea, ili ubao ufunike.

"Kaka," Mukunde alisema, "pale ni kichwa changu."

"Najua, dada."

"Waambie apigilie mtu mwingine. Au usipigilie."

"Ni zawadi ya mama mkwe wako. Nikikataa sasa hivi nitasemaje?" Akaipokea nyundo. "Nitapiga polepole."

"Basi piga haraka. Polepole ni mara nyingi."

Lakini Gatera alikuwa mtu mpole, na hakuweza kupiga haraka. Aligusisha msumari, akagonga, akageuka kumtazama. Akagonga tena. Mukunde alijishika kwenye meza. Damu ilianzia nyuma ya sikio, ikaingia kwenye kola, halafu ikaanza kutoka puani na kwenye jicho moja pia. Kila nyundo iliposhuka, shingo yake iliruka mbele, na vijiko juu ya meza vikalia. Kabagwira alimpa kitambaa cha mezani asije akachafua zulia. Mtu mmoja alimshauri Gatera aushike msumari chini zaidi usipinde. Ulipinda. Ikabidi ang'oe, na kung'oa ndiko kulikomfanya Mukunde apige ukelele, mara moja, mfupi. Kisha akaanza msumari mwingine, na huo ukaingia.

Wakauinua ubao watu wawili, wakautundika. Mistari ilionekana vizuri kwenye mwanga. Watu wakapiga makofi ya taratibu, kama inavyofaa kwa kitu kizuri, na Mugenzi akaja kusimama nyuma ya mkewe, akamwekea mkono begani. Gatera akarudi nyuma hatua chache, nyundo bado mkononi, macho mekundu, akauliza kama umekaa sawa. Wote wakamgeukia Mukunde, maana nyumba ni yake.

Mukunde alikibana kitambaa sikioni, akafumba jicho lililokuwa na damu, akautazama ubao kwa lile lingine.

"Kushoto kidogo," alisema, na Gatera akausogeza.