Daraja la Madawati

Mvua ya mawe ilipokatika Adungosi, uwanja wa shule ulikuwa mweupe kwa barafu, na paa la darasa la pili lilikuwa limetobolewa. Mwalimu Truphena aliwatazama watoto wake wakitetemeka, wengi wao miguu mitupu. Ng'ambo ya uwanja, jikoni, moto wa uji ulikuwa ukiwaka.

Akaburuta dawati la kwanza nje, kisha la pili, akiyapanga mstari kuelekea jikoni.

"Madam, hiyo ni mali ya shule!" mwalimu mkuu akafoka.

"Na hawa watoto ni wa nani?"

Mwalimu mkuu akaenda kushikilia dawati lililoyumba. Watoto wakavuka. Wa mwisho alipopewa uji, ndipo Truphena akahisi vidole vyake vimekufa ganzi.