Cheti cha Mvuvi Mkuu

Upanga ule wa kwenye gemu ulikuwa unang'aa gizani, na binti alihangaika miezi minne kuupata. Baba yake aliubadilisha kwa ufito wa kuvulia samaki siku ya pili tu, bila kumwuliza mtu, kwa sababu aliona ni kifaa kinachokaa bure.

Tuseme haki: hakuanza kwa nia mbaya. Binti ni muuguzi, na alikuwa anakwenda kwenye mafunzo ya majuma mawili. Gemu lake aliliacha sebuleni likiwa limeunganishwa na televisheni, akamwelekeza baba yake vitufe.

"Baba, ukichoka na taarifa ya habari, cheza. Kazi yenyewe ni moja tu: joka limemzingira mfalme, mkomboe. Nikirudi ile Jumamosi nalihamishia chumbani kwangu, kwa hiyo usizembee."

"Mimi nimetunza masjala miaka thelathini na moja," mzee alijibu. "Joka ndilo litakalonishinda?"

Akawasha gemu, na shujaa wake akafika njia panda. Kushoto ikulu ilikuwa inafuka moshi. Kulia palikuwa na ziwa, na kando yake kibanda chenye ubao wa matangazo. Mzee huyu hajawahi kupita ubao wa matangazo bila kuusoma. Ulionyesha ngazi za wavuvi: Mwanafunzi, Daraja la Tatu, la Pili, la Kwanza, na juu kabisa Mvuvi Mkuu, mwenye cheti. Mzee akavuta kiti karibu.

Hapo ndipo inabidi mjue jambo moja. Alistaafu akiwa Kaimu Karani Mkuu. Alikaimu miaka tisa. Kila mwaka aliambiwa faili lake liko juu, linashughulikiwa, na siku alipoaga alipewa saa ya ukutani, huku lile neno "kaimu" likiwa bado limemng'ang'ania kama kupe. Sasa mbele yake palikuwa na ofisi ambayo ukivua samaki ishirini unapandishwa daraja papo hapo, na tarumbeta inapigwa. Alikuwa na majuma mawili ya kuwa mkuu wa kitu, japo kimoja, kabla binti hajarudi.

Alinunua daftari, akalipigia mistari kwa rula: aina ya samaki, chambo, hali ya hewa, saa. Kambare wa fedha hali chambo mpaka mvua inyeshe. Yule mwenye madoa hushikwa kwa nzige, wala si kwa mnyoo. Mavazi ya chuma ya shujaa yalikwenda kwa viatu vya mpira, farasi akaenda kwa kapu. Siku ya nne alikuwa Daraja la Pili, na kwenye meza ya chakula akaanza kuketi wima.

Kila kulipokucha huko kwenye gemu, tarishi wa mfalme alikuja mbio ufukweni, mgongo unafuka moshi. "Shujaa! Nchi inaungua! Mfalme anakuita!"

"Aandike barua," mzee aliiambia televisheni. "Mambo ya mdomo mdomo siyataki."

Mkewe alikuwa kwenye kochi anakunja nguo. "Mume wangu, mtu wa watu anaungua huyo."

"Namwona. Lakini hii ndiyo saa ya kambare."

"Na wewe umefika wapi?"

"Daraja la Kwanza."

"Huko nako wanakaimisha?"

Mzee alipata jibu la kumkata maini, ila lilimjia baada ya dakika kumi, na mkewe alishakwenda kuanua shuka.

Juma la pili tarishi akaacha kuja. Mzee alifurahi, alidhani hatimaye watu wa ikulu wamejifunza utaratibu.

Jumamosi asubuhi akamtoa samaki wa themanini, wa mwisho. Tarumbeta ikalia na maandishi yakatokea: "Umetimiza masharti yote. Cheti hutolewa ikulu, kwa mkono wa mwenye kiti cha enzi." Mzee akasimamisha gemu, akaenda kuvaa shati lililopigwa pasi, akafunga vifungo mpaka kooni. Ndipo akamwongoza shujaa wake, mwenye viatu vya mpira na kapu begani, kwenda kupokea.

Lango lilikuwa limeanguka. Mlinzi hayupo, mfalme hayupo. Kwenye kiti cha enzi lilikuwa limejikunja joka, mkia umefika hadi ngazini. Chini kwenye kioo yakatokea machaguo mawili: PIGANA, au KABIDHI SAMAKI.

Mlango wa sebule ukafunguka. Binti aliingia na begi begani, akaangalia televisheni, begi likamdondoka.

"Baba! Upanga wangu uko wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo baba, upanga wangu uko wapi?"

"Marahaba. Tuliubadilisha. Haukuwa na kazi."

"Na mbona joka limekaa kwenye kiti cha mfalme?"

"Mabadiliko ya uongozi. Nimeyaona mengi. Wanaondoka wale, wanakuja hawa, masjala inabaki palepale."

"Baba yangu, nakuomba, usibonyeze samaki. Ukilipa samaki umekubali litawale, basi tena, nchi imekwisha! Pigana, ukifa turudi nyuma, tuanze upya."

"Tuanze upya tangu Mwanafunzi?"

Binti aliitikia kwa kichwa. Mzee alishika rimoti ya gemu kwa mikono miwili. Moyoni alijua binti yuko sawa. Alimkumbuka hata yule tarishi na mgongo wake. Kisha akakumbuka miaka tisa, akabonyeza samaki.

Joka likala kapu zima, likacheua, likagonga muhuri kwa ukucha. Tarumbeta zikalia nyingi. Cheti kikajaa televisheni nzima, na mzee akasimama ili akisome kwa sauti.

"Inathibitishwa kwamba..." Akavaa miwani. Gemu lilikuwa la binti, na jina alilojiandikisha nalo ndilo lililoandikwa: Mvuvi Mkuu, Binti Kisirani.

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta. Binti, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta anacheka naye.

Mzee hakucheka. Alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe juu kulia, akapiga mstari chini ya maneno "Yah: Marekebisho ya Jina".

"Hilo joka," alimwuliza binti yake, kalamu juu, "barua zake zinapitia kwa nani?"